Kusomea udaktari ng'ambo: mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Matokeo ya Egzeta, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakishatoka tu, matangazo ya nafasi za udaktari ng'ambo hubandikwa kila pembe ya Lubumbashi, kuanzia komine ya Kenya hadi ya Kampemba. Haipiti muda, wazazi wamejaa kwenye ofisi yetu ya masomo, wameshika barua za kukubaliwa ambazo hawazielewi na risiti za pesa wanazozielewa vizuri. Malalamiko yamezidi, ndiyo maana tunaandika. Ajansi zinazouza nafasi hizo hatutazitaja kwa majina, hiyo ni kazi ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka.

Wazazi huanza kwa kuuliza bei. Sisi tungependa waanze na hili: mtoto akirudi na diploma yake, ataruhusiwa kutibu watu hapa? Sheria ya tarehe 1 Machi 1968 iliyounda Ordre ya Madaktari, chama rasmi kinachosimamia taaluma hiyo, hairuhusu daktari yeyote kufanya kazi nchini kabla jina lake halijaandikwa kwenye orodha ya Ordre. Aliyesoma nje hupita kwanza Kinshasa, kwenye Wizara ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, kuomba diploma yake ilinganishwe na ya hapa nchini. Picha za majengo mazuri hazisaidii huko. Kinachotazamwa ni kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, miaka aliyosoma, na staji, yaani mafunzo ya vitendo, aliyofanya hospitalini.

Ajansi nayo ina jibu lake tayari: «Chuo chetu kimo kwenye World Directory of Medical Schools», orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari. Huenda kimo kweli. Orodha hiyo, iliyozinduliwa 2014 na WFME (shirikisho la dunia la elimu ya udaktari) pamoja na FAIMER (taasisi ya Marekani ya elimu ya udaktari), ni kama daftari la anwani tu: inakuambia chuo kipo, haikuambii kwamba kimekaguliwa na kupitishwa. Wenye orodha wenyewe wanasema hivyo waziwazi. Sisi pia tumelisema, na tutaendelea kulisema, hata kama kila mwaka kuna mtu anayetuonyesha ukurasa huo kwenye simu akidhani ametushinda.

Kuna wanaodhani kwamba kwa kuwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iko karibu, karatasi zetu zinavuka kirahisi kama mizigo. Hapana. Zambia ina ZAQA, mamlaka inayopima vyeti vya kigeni, na ina Baraza la Taaluma za Afya, HPCZ, ambalo ndilo la kuulizwa kama programu ya udaktari ya chuo fulani imeidhinishwa. Tanzania, cheti cha sekondari cha nje hulinganishwa na NECTA, baraza la mitihani, na vyuo husimamiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Kuingia kwetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukufuta hatua hizo. Tena mwenye diploma ya Serikali ya ualimu au biashara asitegemee huruma: fizikia, kemia na biolojia zitatafutwa kwenye buletini zake, yaani ripoti za alama za shule.

India ndiko tunakopata vilio vingi, kwa sababu ya ahadi ya «bila mtihani». Mgeni anayetaka MBBS, digrii ya udaktari, ndani ya India anatakiwa kufanya NEET kama Wahindi wenyewe, mtihani wa kuingia wa fizikia, kemia na biolojia, na nusu ya maswali ni biolojia. Masomo ni miaka minne na nusu, halafu mwaka mmoja wa staji. Uchina husomesha udaktari kwa Kiingereza katika vyuo vilivyomo kwenye orodha ya Wizara yao ya Elimu tu, na hata huko mgonjwa wa staji anaongea Kichina. Ubelgiji wa Kifaransa umeweka mtihani wa ushindani tangu 2023, na nafasi za wasioishi huko zina kikomo. Ufaransa, mwaka wa PASS, yaani mwaka wa kwanza wa njia ya kuingia udaktari, haurudiwi. Marekani ni habari nyingine kabisa: huko mtu huwa na digrii ya kwanza ndipo aombe udaktari, na vyuo vingi havipokei wageni.

Sasa karatasi, kwa maana hapa ndipo faili nyingi hufia. Jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (jina la ubatizo) lazima viwe vilevile, herufi kwa herufi, kwenye pasipoti, cheti cha kuzaliwa, buletini na diploma. Kama pasipoti imeacha postnomu, au «Tsh» imekuwa «Ch», sahihisha kabla ya kutuma chochote. Hati ya kuzaliwa yenye kosa hurekebishwa kwa hukumu ya mahakama, si kwa kalamu ya karani wa komine, hata awe jirani yako. Kisha nakala huthibitishwa, diploma huhakikiwa na wizara ya elimu iliyoitoa, Wizara ya Mambo ya Nje hutia muhuri wake, na mwisho ubalozi wa nchi unayokwenda. Tafsiri ya Kiingereza hufanywa na mfasiri aliyeapishwa, nayo hupitia mihuri yake. Ukiruka ngazi moja, unarudishwa chini. Anza miezi mingi kabla, hasa kama diploma yenyewe haijatoka na una atestasyo tu, yaani hati ya muda ya kufaulu.

Wapo wanaopewa njia ya mkato, asilimia ya diploma ikapanda kutoka 54 hadi 72 usiku mmoja. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 124, inamhukumu aliyeghushi kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano na faini, au mojawapo. Kifungu cha 126 kinampa adhabu hiyohiyo anayeitumia karatasi hiyo kwa nia ya kudanganya. Mzazi anayesema «mimi nililipa tu» ajue kwamba si lazima ashike kalamu ndipo aulizwe.

Kwa aliyekwisha kulipa ajansi na hana chuo: utapeli uko kwenye kifungu cha 98, kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano. Peleka parke risiti, ujumbe wa simu na namba ya akaunti iliyopokea pesa. Na aliye tayari mwaka wa pili huko nje, ambaye anataka kuhamia fakulte ya hapa, aje na programu ya masomo yenye saa au krediti na alama zilizotiwa muhuri na chuo, si picha za WhatsApp. Hata akiwa navyo vyote, ajiandae kuambiwa aanze mwaka wa kwanza.