Blokucheni inajua lini, haijui nani

Wimbo, picha au programu ikishapakiwa mtandaoni, aliyeinakili anaweza kudai ndiye wa kwanza kuwa nayo. Hapo ugomvi huwa wa tarehe, na ndipo inaposaidia blokucheni, yaani daftari la kidijitali lenye nakala nyingi, ambalo kumbukumbu zake huwekwa katika mafungu (bloku) yaliyoungana kama mnyororo.

Kazi yenyewe haiwekwi kwenye mnyororo. Programu husoma faili na kutoa heshi, mfuatano unaolitambulisha kama alama ya kidole. Kwa mfumo wa SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, faili liwe shairi fupi au filamu nzima. Ongeza mkato mmoja tu, heshi inabadilika kabisa. Tena heshi haikurudishi kwenye kazi, kwa hiyo mswada wako unabaki siri. Ikishaingia kwenye bloku, na bloku nyingine zikafuata, kuifuta au kuirudisha nyuma tarehe yake ni vigumu mno, maana nakala za daftari hilo ziko kwa watu wengi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumia blokucheni: Stuart Haber na W. Scott Stornetta walilieleza mwaka 1991, wakitafuta muhuri wa muda usioghushika kwa nyaraka za kidijitali. Juni 2018, Mahakama ya Intaneti ya Hangzhou, China, ilikubali ushahidi wa aina hii katika kesi ya hakimiliki: kurasa za tovuti iliyolalamikiwa zilinaswa, heshi zake zikahifadhiwa kwenye blokucheni.

Ila mnyororo haujui nani alitunga. Mwizi akikuwahi kusajili, mnyororo utamhifadhia uongo wake kwa uaminifu uleule. Wala hauzalishi haki: chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo haingojei usajili. Na wanaonunua tokeni za NFT, yaani alama za kipekee za kidijitali zilizosajiliwa kwenye blokucheni, wakidhani wamenunua hakimiliki, wasome masharti kwanza. Mara nyingi wamenunua tokeni tu.

Kwa hiyo chukua heshi na uisajili kwenye blokucheni kabla ya kumwonyesha mtu yeyote kazi yako, na faili lililotumika ulitunze lilivyo. Watu wengi huteleza hapa. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hubanwa. Kwa jicho ni ileile, lakini heshi yake ni nyingine, na ukiipeleka kama ushahidi haitalingana na iliyosajiliwa. Tunza pia rasimu, rekodi ghafi na barua pepe za wakati wa kazi, kwa sababu hizo ndizo zitakazoeleza ni nani aliyeitunga.