Baba mdogo karudi na mshono kifuani: ya wageni na ya daktari

Baba mdogo alirudi Ujiji wiki ya sita baada ya kupasuliwa moyo Dar es Salaam, kliniki ilipomruhusu kusafiri. Tangu siku hiyo wageni hawakatiki, na kila mmoja kaja na lake.

"Wamembadilishia moyo." Hapana, moyo ni ule ule. Baipasi, upasuaji aliofanyiwa, ni kupandikiza mishipa: mmoja hutolewa mguuni, mwingine ndani ya kifua, ikashonewa mbele ya palipoziba ili damu ipite pembeni, kama magari kwenye mchepuko barabara inapotengenezwa. Shangazi alipoona mshono mrefu mguuni alihamaki: "Kaumwa moyo, mguu wamemkatia nini?" Ndiyo sababu. Mguu huo unaweza kuvimba kwa wiki kadhaa. Akikaa, auinue juu ya stuli.

Linalonichosha zaidi ni hili la kwamba alale tu, asikanyage chini. Hospitalini kwenyewe mgonjwa hukalishwa na kuanza kutembezwa siku moja au mbili baada ya upasuaji, kwani kulala sana ndiko kunakoleta damu kuganda miguuni na nimonia. Yeye alianza kwa kufika kwa muuza mkaa na kurudi. Sasa anafika kwenye miembe ya kumbukumbu ya Livingstone, jua likiwa bado changa. Kipimo chetu ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, tunasimama.

"Mshono umekauka, kapona." Iliyopona ni ngozi. Chini yake kuna mfupa wa kifua uliopasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya za chuma, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Mpaka hapo asinyanyue kinachozidi kilo 5 hivi: ndoo ya lita 10 imezidi mara mbili, dumu la lita 20 mara nne. Mjukuu akilia apakatwe, ananyanyuliwa na mwingine na kuketishwa kando ya babu mkekani. Bodaboda, na mashimo yetu haya, isubiri. Akikohoa anakumbatia mto kifuani. Mfupa ukianza kugonga, mshono ukitoa usaha, homa ikipanda, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja alilia kwa sababu chai imepoa. Jirani akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Kulia, hasira za ghafla, usingizi kupaa, chakula kukosa ladha, ni kawaida baada ya upasuaji mkubwa hivi, na kwa wengi huisha. Yakikawia aambiwe daktari, maana huzuni nayo inatibika.

Tendo la ndoa (wanaume huuliza wengine wakishaondoka): wengi hulirudia baada ya wiki 6 hivi, kama anapanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema. Kifua kisibebe uzito, basi.

"Mishipa mipya, dawa za nini?" Mafuta yaliyoziba ya zamani yanaweza kuziba na hii, hasa ule wa mguuni. Kwa hiyo aspirini na dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) haziachwi mpaka daktari aseme, na sigara ndiyo kwaheri. Ya mawese ni magumu kuyasema Kigoma: wazee wanayaita dawa, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu. Hatukuyafukuza jikoni, tumeyapima kwa kijiko cha chai badala ya upawa. Migebuka inachemshwa, haikaangwi.

Shemeji naye anashikilia kwamba waya za kifuani zinavuta radi. Chuma kilicho ndani ya mwili hakivuti radi. Tumemweleza mara tatu. Juzi ilipopiga juu ya ziwa tulikimbilia ndani sote, na yeye akachagua kona iliyo mbali kabisa na mgonjwa.