Ford Model T hazikuwa nyeusi zote

Mmarekani mwenye gari aina ya Ford Model T ya 1910 aliyoikarabati kwa rangi ya kijani hachoki kuulizwa kwa nini hakuipaka nyeusi. Watu wameshika usemi wa Henry Ford, mwanzilishi wa kampuni ya Ford: mteja achague rangi yoyote, mradi iwe nyeusi.

Lakini gari hilo lilipoanza kuuzwa 1908, kulikuwa na nyekundu, kijivu na kijani. Kijani chenyewe kilikuwa kimekolea hasa. Kivulini utaapa ni nyeusi, ukilisogeza juani ndipo unakiona. Weusi mtupu ulitawala kuanzia 1914 hadi 1925, kiwanda kilipozalisha kwa wingi na kuhitaji rangi ya bei nafuu na inayodumu. Mwaka 1926 rangi nyingine zikarudi.