Silikoni ya moldi ikikataa kuganda, angalia kwanza inanata wapi

Msimu wa baridi ukiingia Dodoma, mafundi wa jipsamu huanza kuja kwenye karakana yetu ya kufundishia wakiwa na lalamiko moja. Fundi amemimina silikoni juu ya ua la dari au kibao cha ukutani apate moldi, yaani kalibu ya kumwagia jipsamu, akasubiri hadi kesho yake, na raba hiyo ya silikoni bado inavutika kama asali. Wengi huwa wameshahukumu kwamba wameuziwa dawa feki. Dawa mbovu zipo, lakini kabla hujarudi dukani kugombana, iguse hiyo silikoni kwa kidole sehemu mbalimbali. Mahali inaponata panaeleza mengi kuhusu chanzo.

Ikiwa imeganda vizuri juu na katikati, ila inateleza na kunata pale tu ilipogusana na umbo mama, yaani kile kitu unachokitolea moldi, kosa liko kwenye umbo hilo: kuna kitu kimezuia kemikali isifanye kazi. Ikiwa imeganda kwa mabaka, hapa ngumu na pale mbichi, basi haikuchanganywa sawasawa. Na ikiwa laini yote, juu hadi chini, tazama kipimo, umri wa hadena (dawa ya kugandisha inayochanganywa na raba) na hali ya hewa.

Kinachofuata ni kujua silikoni yako ni ya aina gani, maana hizi raba mbili za kuchanganya haziugui ugonjwa mmoja. Moja hugandishwa kwa kichocheo cha bati. Hadena yake ni kidogo, mara nyingi gramu 2 hadi 5 kwa kila gramu 100 za raba, na zipo zinazotaka 10. Nyingine hugandishwa kwa platinamu, na mara nyingi huja kwenye makopo mawili yanayochanganywa nusu kwa nusu, ingawa zipo za 10 kwa 1. Lebo ndiyo ya kufuata. Usichukue hadena ya kampuni moja ukaitia kwenye raba ya kampuni nyingine kwa sababu tu chupa zinafanana.

Tuanze na ile ya bati, kwa kuwa hapo ndipo hali ya hewa ya Dodoma inapoingia moja kwa moja. Raba hii haigandi kwa kukauka kama rangi. Inahitaji unyevu, ule wa hewani na kiasi kidogo kilichomo ndani ya raba yenyewe, na inahitaji joto. Muda unaosomeka kwenye lebo kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzi joto 23 hivi, na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50. Sasa fikiria mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, katika ukanda wa nusu jangwa, ambao mwezi wa Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 na haujaona mvua tangu Mei. Kwa makadirio ya kawaida ya kemikali, joto likipungua nyuzi 10, kasi hushuka kwa karibu nusu. Ongeza ukavu wa hewa hapo, na silikoni iliyoandikwa saa 24 inaweza kutaka siku mbili au zaidi. Fundi wa Dar es Salaam anayetumia kopo hilohilo hataelewa unalalamikia nini.

Kwa hiyo mimina asubuhi, si jioni. Fanyia kazi chumbani, mbali na upepo wa nje unaobeba vumbi na kukausha kila kitu. Weka beseni la maji au tandaza taulo lililoloweshwa karibu na moldi, bila maji kugusa raba, kisha ipe muda. Usiipeleke kwenye jiko la mkaa. Joto kali na kavu halisaidii silikoni ya bati, na linaweza kuiharibu.

Kipimo nacho kinawaangusha wengi. Ukipima raba gramu 100 na hadena inayotakiwa ni gramu 3, mzani unaokosea kwa gramu moja umekosea theluthi nzima ya hadena. Kijiko na kifuniko cha chupa ndiyo kabisa. Tumia mzani wa dijitali unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Ukilinganisha na bei ya ndoo moja ya silikoni iliyomwagwa, unajilipa haraka. Kabla ya kupima, koroga raba hadi chini ya ndoo, kwa sababu unga uliomo hutuama, na tikisa chupa ya hadena. Chupa iliyofunguliwa siku nyingi hunywa unyevu wa hewa na kupoteza nguvu, hivyo ukiona chembe nyeupe au mashapo yasiyotikisika, usiiamini. Ukichanganya, kwangua kuta na kitako cha chombo, kisha hamishia kwenye chombo cha pili ukoroge tena. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayomaliza yale mabaka.

Silikoni ya platinamu haisumbuliwi sana na ukavu, bali ni nyepesi kudhurika ikigusa vitu fulani. Salfa huizuia: plastisini nyingi (udongo laini wa kufinyangia) zina salfa, na glavu za mpira asilia pia huizuia, hivyo vaa za nitraili au vinaili. Bati huizuia vilevile, kwa hiyo kopo au kijiti kilichotumika kwa silikoni ya bati kisiiguse. Vingine ni gundi na epoksi ambazo hazijakauka vizuri, faibaglasi mbichi, na maumbo ya rezini yanayotoka kwenye printa. Kupaka umbo klia ya akriliki (vanishi isiyo na rangi) mara mbili na kuiacha ikauke vizuri husaidia mara nyingi, si mara zote. Jaribu kwanza kwa gramu 20 kwenye kona isiyoonekana.

Wapo pia wanaotumia ile silikoni ya mrija ya kuzibia masinki, inayonuka siki. Hiyo huganda kutoka nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Ukiijaza nene mara moja, ndani itabaki mbichi muda mrefu sana. Ipake tabaka jembamba, moja baada ya jingine.

Na ile ambayo tayari imegoma? Usimwage hadena juu yake, kwani haitaingia. Wala usijaribu kuzidisha hadena kwenye mchanganyiko ujao ili uharakishe. Hadena ikizidi, moldi hukakamaa na kuchanika mapema. Ikiwa ni ya bati na ulipima vizuri, iache mahali penye joto na unyevu kwa siku chache ndipo uamue. Ikibaki laini, ikwangue kwa kibao, futa mabaki kwa tapentaini na kitambaa, vaa glavu, fungua madirisha, na usiwe karibu na moto. Umbo mama lifutwe mpaka lisiteleze hata kidogo, kwa sababu utando wa silikoni mbichi ukibaki juu yake, moldi ya pili nayo itatoka na sehemu zinazonata.