Je, wajua kwa nini kidonda cha kaswende hupona chenyewe na ugonjwa ukabaki?

Miaka michache iliyopita rafiki yangu, dereva wa bodaboda hapa Dodoma mjini, alinivuta pembeni kijiweni akaniambia ametoka kupata kidonda sehemu za siri. Kilikuwa kimoja tu, cha mviringo, kingo zake ngumu kama kifungo cha koti, na hakikuuma hata kidogo. Alipanga kwenda zahanati, wiki zikasogea, na kabla hajaenda kikakauka chenyewe. Akauliza: bado kuna haja ya kwenda? Nikamjibu kwa uhakika wote: kama kimepona, kimepona, mwili umeshashinda.

Nilikosea, na kosa hilo niliambiwa nikiwa kliniki ya wajawazito, siku nilipomsindikiza mke wangu hudhurio la kwanza. Asubuhi, kabla ya vipimo, nesi alikuwa akitoa elimu ya afya kwa wote tuliokaa kwenye mabenchi. Baba mmoja akauliza: "Sista, mtu akipata kidonda kikapona bila dawa, si yameisha?" Nesi akamjibu taratibu: "Hapana, baba. Kidonda kimepona, ugonjwa haujapona. Umehamia ndani."

Nilikuwa na kosa la pili, ambalo nimegundua wengi tunalo. Nikisikia "kaswende ya hatua ya pili" nilidhani ni mtu aliyeambukizwa mara ya pili. Sivyo. Ni maambukizi yaleyale ya siku ileile, yakijitokeza kwa sura nyingine.

Sura zenyewe ni hizi. Kidonda cha kwanza hutokea baada ya siku 10 hadi 90, mara nyingi kama wiki tatu, mahali bakteria alipopenya: uume, uke, njia ya haja kubwa, hata mdomoni. Kikiwa ndani ya uke mwanamke anaweza asikione kamwe. Kikiachwa hupona kwa wiki tatu hadi sita. Wiki au miezi michache baadaye huja hatua ya pili: vipele mwilini ambavyo kwa kawaida haviwashi, homa, mitoki, nywele kunyofoka kwa mabaka. Vipele hivyo hupenda viganja na nyayo, mahali ambapo vipele vya joto au mzio havitokei sana, kwa hiyo mwenye vipele viganjani asikimbilie dukani kununua krimu. Navyo hupotea vyenyewe. Kisha hufuata ukimya, wa miezi au wa maisha yote, unaoonekana kwenye kipimo cha damu tu. Kwa baadhi ya watu, miaka 10 hadi 30 baadaye, hatua ya tatu hushambulia ubongo, mifupa, au mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Ila ubongo, macho na masikio havisubiri zamu: vinaweza kuguswa katika hatua yoyote.

Sasa, kidonda kinaponaje bila dawa?

Bakteria wa kaswende, Treponema pallidum, aliyetambuliwa Berlin mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, ni mwembamba kiasi kwamba hadubini ya kawaida haimwoni. Amejisokota kama ncha ya keekee ya seremala, na hutembea kwa kuzunguka vilevile, akitoboa njia kati ya seli. Ndani ya saa chache tangu aingie, baadhi yao tayari wako kwenye damu na limfu, yaani majimaji yanayopita kwenye mitoki. Kidonda kinapotokea wiki tatu baadaye, wasafiri waliondoka zamani. Anayekitazama anatazama stendi ambayo mabasi yameshaondoka.

Tena kidonda chenyewe ni alama ya vita ambavyo askari wetu wanashinda. Seli za kinga hukusanyika pale, humeza bakteria, na sehemu kubwa yao hufa. Ngozi hujifunga. Ushindi huo ni wa kweli, lakini ni wa mahali pamoja.

Wale waliosambaa wananusurikaje? Fikiria kanga. Kila kanga ina jina lake, yale maneno ya chini, na ukiyasoma unajua mvaaji anasema nini. Seli za kinga hufanya hivyo: husoma protini zilizo kwenye ganda la nje la bakteria, na bakteria wengi wamejaa maandishi. Huyu wa kaswende amejifunga kanga karibu tupu, ina herufi chache sana. Askari anampita njiani bila kumshuku. Zaidi ya hapo, moja ya protini zake chache, iitwayo TprK, hubadilika mara kwa mara. Kinga ikishajifunza kusoma jina la kanga hii, wapo wachache waliokwisha kuvaa yenye jina jingine. Waliosomwa wanakufa, wasiosomwa wanabaki na kuzaana. Inafaa kusema kuwa mengi ya haya yamechunguzwa kwa sungura, maana hadi 2018 watafiti walikuwa hawajaweza kumkuza bakteria huyu kwa muda mrefu nje ya mwili wa mnyama.

Waliokulia Bahi au Chamwino, hapa Dodoma, watauelewa ule ukimya wa ugonjwa bila maelezo mengi. Kiangazi korongo hukauka, mbuzi wanapita katikati. Lakini ukichimba mchanga kwa mikono, maji yanajaa taratibu.

Kwamba takriban theluthi moja ya wasiotibiwa hufikia hatua ya tatu, hilo linatokana zaidi na kumbukumbu za wagonjwa wa Oslo walioandikishwa kati ya 1890 na 1910, wakati dawa zilizokuwepo zilikuwa sumu kama zebaki. Wengi wao walitambuliwa kwa macho tu, kwa hiyo theluthi hiyo ni kadirio.

Kwa mjamzito, ukimya si usalama. Bakteria huvuka kondo la nyuma hata kama mama hajioni mgonjwa. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa 2002 ulionyesha kuwa kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakupimwa wala kutibiwa, robo walijifungua mtoto mfu. Waliotibiwa kwa sindano moja tu ya penisilini walipata matokeo sawa na wasio na ugonjwa. Ndiyo maana kliniki walitutoboa vidole wote wawili, mimi na mama kijacho.

Hata sindano ina sababu yake. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, akikuzwa maabara katika hali nzuri, hugawanyika kila dakika 20; huyu huchukua saa 30 au zaidi. Penisilini humuua anapojenga ukuta wake mpya, kwa hiyo lazima dawa imsubiri mwilini kwa siku nyingi. Penisilini ya benzathini hukaa kwenye msuli wa kalio ikivuja polepole. Kaswende ya mapema hutibiwa kwa dozi moja, iliyochelewa kwa dozi tatu, moja kila wiki.

Nilimtafuta rafiki yangu jioni ya siku ileile ya kliniki. Alikwenda, akapimwa, akachomwa, na mkewe pia. Usiku ule alipata homa na kutetemeka, akanipigia akidhani sindano imemdhuru. Alikuwa ameshaelezwa kuwa hutokea bakteria wanapokufa kwa wingi, ila usiku hofu haikumbuki. Asubuhi ilikuwa imeisha. Miezi sita baadaye kipimo cha RPR, cha damu kinachopima wingi wa kingamwili, kilikuwa kimeshuka kutoka 1:32 hadi 1:4, dalili kwamba dawa imefanya kazi. Kile cha haraka, cha kutoboa kidole, bado kinamwonyesha mistari miwili, na huenda kitaendelea hivyo maisha yake yote. Kinasoma kumbukumbu ya kinga, si bakteria aliye hai, kwa hiyo karatasi ya matibabu anaihifadhi pamoja na leseni yake.