Fremuweki huria: kuonekana kwa msimbo hakutoshi

Vijana wanaotunga programu za wavuti hapa Tanga wanaongezeka kila mwaka, na ninawaonea fahari. Kuna neno moja, hata hivyo, ambalo nimelisikia likitumika pasipo mahali pake mara nyingi kiasi kwamba naona vema nilieleze kwa maandishi. Mtu akishaandika msimbo wake, akaupandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikiana misimbo, na kuuacha bila kuufunga, hutangaza kwamba ametoa fremuweki huria. Mwingine huiita huria kwa sababu haiuzi. Kuonekana na kutouzwa ni mambo mema, lakini hakuna hata moja kati ya hayo mawili linaloifanya programu iwe huria.

Fremuweki ya wavuti ni msimbo uliokwisha kuandikwa ambao unabeba kazi zinazohitajiwa na karibu kila tovuti yenye shughuli: kupokea ombi kutoka kwenye kivinjari na kulipeleka kwa kipande cha msimbo kinachohusika, kuwasiliana na hifadhidata, kuhakiki nywila za watumiaji, kutengeneza kurasa. Django, Laravel na Ruby on Rails ni miongoni mwa zinazotajwa sana. Maktaba ya msimbo unaiita wewe pale unapoihitaji, ilhali fremuweki ndiyo inayouita msimbo wako, na kwa hiyo kazi yako yote hukaa juu yake kama mbao za jahazi zinavyopigiliwa kwenye mataruma. Ama huria, maana yake ni kwamba mwenye msimbo ametoa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, ukiwa umebadilishwa au haukubadilishwa, kwa kazi yoyote.

Uzito wa maana hiyo umo katika ruhusa, na ruhusa haitokani na ukimya. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ni mwanachama wake, hakimiliki huanza mara tu kazi inapoandikwa, bila kusajiliwa mahali popote, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Msimbo usio na leseni, basi, si mali ya kila mtu, bali haki zake zote zimebaki kwa aliyeuandika. Masharti ya GitHub yanawapa watumiaji wengine nafasi ya kuutazama na kuunakili ndani ya huduma hiyo hiyo, wala hayampi mtu ruhusa ya kuuchukua akajengee mfumo wa ada wa shule au wa mikopo ya chama cha akiba. Anayefanya hivyo anategemea hisani ya mwenye msimbo, na hisani inaweza kuondolewa siku yoyote.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Chumbageni alinionyesha fremuweki aliyoiandika kwa PHP, mojawapo ya lugha za kuandikia programu. Kazi yenyewe ni nzuri: njia za maombi zimepangwa kwa unadhifu, na maelekezo ya kuisakinisha yameandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, jambo ambalo ni adimu. Lakini katika faili la maelezo, mstari wa pili ulisomeka hivi: "Hii ni fremuweki huria. Usiitumie kibiashara bila ruhusa yangu." Nilipomuuliza kuhusu leseni, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, msimbo si uko pale, anayetaka si achukue?" Sentensi zake mbili haziwezi kukaa pamoja, kwa kuwa ya pili inakitangua kile kinachodaiwa na ya kwanza. Ana haki kamili ya kuzuia biashara, kwa maana jasho ni lake. Asichoweza ni kuweka kizuizi hicho na papo hapo kuiita huria.

Mpaka huu una historia inayofahamika. Richard Stallman alikwisha kuanzisha mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi ulio huru, mwaka 1983 na baadaye taasisi ya kutetea uhuru wa watumiaji wa programu. Mwezi Februari 1998, baada ya kampuni ya Netscape kutangaza kwamba itautoa msimbo wa kivinjari chake, Christine Peterson alipendekeza jina jipya ambalo sisi leo tunalifasiri kuwa chanzo huria, na mwaka huo huo Bruce Perens na Eric Raymond wakaanzisha taasisi ya kulisimamia. Vigezo vyake kumi vilichukuliwa kutoka kwenye miongozo ya mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi huria. Cha tano kinakataza leseni kubagua watu au makundi, na cha sita kinakataza kubagua aina ya shughuli, biashara ikiwemo. Havikuwekwa kwa upendeleo wa matajiri. Mtu anayejenga juu ya msimbo wa mwenzake anahitaji kujua leo kwamba kesho, kazi yake ikianza kumwingizia chochote, hatalazimika kurudi kuomba.

Hapo ndipo fremuweki inapotofautiana na programu nyingine, na ndiyo sababu nalisisitiza jambo hili. Programu ya kuhariri picha ukiikosa unatafuta nyingine. Fremuweki ukiikosa baada ya miaka miwili ya kujenga juu yake, unaandika upya karibu kila kitu.

Tazama jinsi Django ilivyozaliwa. Adrian Holovaty na Simon Willison walianza kuiandika mwaka 2003 wakiwa waajiriwa wa gazeti la Lawrence Journal-World, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ili tovuti za gazeti zijengwe haraka kadiri habari zinavyokimbia. Ilifanya kazi na kurasa zikatoka, lakini kwa muda wote huo haikuwa huria. Ilikuja kuwa huria mwezi Julai 2005, gazeti liliporidhia na msimbo ukatolewa chini ya leseni ya BSD, mojawapo ya leseni huria. Kuandika fremuweki na kuitoa ni matendo mawili, na la pili lilihitaji idhini ya mwajiri. Nawasihi wanaoandika misimbo yao katika saa za kazi, kwa kompyuta za ofisi, wausome kwanza mkataba wa ajira.

React, msimbo wa kujengea sehemu za tovuti anazoziona mtumiaji, inafundisha jambo jingine, ingawa yenyewe hujiita maktaba. Facebook iliitoa mwaka 2013, na msimbo wake ulionekana na kila mtu, lakini baadaye leseni yake iliandamana na kifungu cha hataza, yaani haki ya mwenye uvumbuzi, kilichowatia wengi wasiwasi. Mwaka 2017 taasisi ya Apache, inayosimamia miradi mingi ya programu huria, iliiondoa leseni hiyo katika orodha ya zinazokubalika kwenye miradi yake, na mwezi Septemba mwaka huo Facebook ikahamia leseni ya MIT. Waliolalamika hawakuwa na tatizo na msimbo wenyewe, kwani walikuwa wakiutumia kila siku. Walichokikataa ni maneno machache yaliyoambatana nao.

Leseni yenyewe si jambo la kuogopesha. Ile ya MIT, ambayo Laravel na Rails zinaitumia, ina mstari mmoja wa hakimiliki wenye mwaka na jina, kisha aya tatu: ya kwanza inatoa ruhusa, ya pili inataka notisi hiyo ibaki kwenye kila nakala, na ya tatu inasema hakuna dhamana. Mtu asiyependa kazi yake ifungiwe ndani ya programu za siri anaweza kuchagua GPL, inayomlazimu anayesambaza nakala kutoa na msimbo wake. Kwa kuwa tovuti huwahudumia watu bila kuwapa nakala ya programu, ipo pia AGPL, ambayo msimbo ukibadilishwa inataka hata wale wanaoutumia kupitia mtandao waweze kuupata. Zote tatu ni huria, na zote zinaruhusu biashara.

Kwa hiyo, aliyeupandisha msimbo wake bila leseni ningemwomba aseme kwamba msimbo uko wazi kusomwa, na aliyezuia biashara aseme kwamba ameuonyesha kwa masharti. Ni kauli za kweli na hazimpunguzii mtu heshima. Akitaka kuiita fremuweki yake huria, aufute mstari wa kizuizi, awaombe ridhaa wote waliomchangia msimbo kwa kuwa kila mmoja anamiliki kipande chake, kisha aweke faili la leseni kwenye folda kuu na kutoa toleo jipya. Matoleo yaliyotangulia hayaipati leseni hiyo yenyewe tu, hivyo katika maelezo ya toleo ataje inaanzia namba gani.