Je, wajua? Kijito kinachomezwa na shimo hakisafiki huko chini

Vijito vingi vya Pemba hupita mabondeni, katikati ya mpunga, vikamalizikia mikokoni. Unguja ina vituko vyake: kijito hutoka kwenye udongo mzito wa magharibi, kikifika kwenye mawe ya matumbawe kinaingia shimoni, basi. Na uchafu wake?

Jawabu la haraka ni kwamba jiwe huuchuja, na linashawishi kweli. Maji yanaingia na rangi ya chai ya maziwa, yanaonekana tena pangoni au kisimani yakiwa maangavu hadi sarafu iliyozama inasomeka. Lakini kuangaa si kusafika. Maji yakitulia chini ya ardhi, tope hukaa kitako. Vijidudu ni vyepesi mno kuzama haraka hivyo, na chumvi za mkojo zimeshayeyuka, hazitui kabisa. Macho yanapima tope tu.

Mchanga ndio unaochuja. Ni kifumbu: tui linapenya polepole, machicha yanabaki. Jiwe la matumbawe ni pakacha. Maji ya mvua hubeba kaboni dayoksaidi ya udongoni, yakawa na ukali kidogo, na kwa maelfu ya miaka yamezila nyufa zikawa mabomba. Mchangani maji husogea sentimita kadhaa, pengine mita, kwa siku, na vijidudu hunasa au kufa njiani. Mabombani yanaweza kwenda mamia ya mita, hata kilomita, kwa siku hiyohiyo. Si kila shimo lina bomba pana, na huwezi kukisia kwa macho: humwagwa fluoresini, rangi ya kijani, kisha visima vyote vya jirani huchotwa sampuli. Kinachogeuka kijani si lazima kiwe cha karibu.

Kwa hiyo kazi ya kusafisha kijito hufanywa kabla maji hayajaingia shimoni. Mdomoni mwa shimo, nondo za kunasa taka zipangwe kwa nafasi ya sentimita 5, zilazwe nyuzi 45 hivi, taka zipande mteremko. Zikisimama wima, makuti na chupa hujibandika hapo na maji hufurika. Kila baada ya mvua, reki. Sabuni nondo haiizuii: jukwaa la kufulia lihamishwe mbali na ukingo, maji yake yaende migombani kwenye udongo wa kina, ng'ombe wapate hori lao, matete ya ukingoni yasifyekwe.

Kosa baya kuliko yote ni kuziba shimo kwa mawe na saruji. Masika ikifika bonde linakuwa ziwa, na maji hutafuta ufa mwingine, usio na nondo.